Eti "dakika tano tu": kazi za mwanafunzi wa grafiki



Niko likizo nyumbani, Miembeni hapa Bukoba, na kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: "Kwani huko chuoni unasomea kuchora?" Nikijibu nasomea usanifu wa grafiki, basi ananipa simu nimsafishie picha ya profaili. Leo naeleza mara moja, yaishe.

Kwa wiki tatu nimefanya lebo ya senene, kadi za send-off, jezi za timu ya vijana wa mtaani na kibao cha saluni. Ukiangalia haraka haraka utasema huyu jamaa hajui anataka nini maishani. Lakini kazi ni ile ile: kuamua jicho la mtu lianzie wapi na liishie wapi. Kibao cha saluni kinasomwa na mtu aliye juu ya bodaboda, ana sekunde mbili tu. Kadi ya send-off inasomwa na shangazi mwenye miwani anayetafuta tarehe na kiasi cha mchango (ndiyo kadi yenyewe siku hizi, tusidanganyane). Maua yote niliyoweka pembeni hayaangalii hata kidogo.

Lebo ya senene ndiyo iliyonitoa jasho. Mama mmoja anayekaanga senene na kuwafunga kwenye vikopo alitaka kijani kile kile cha senene mbichi. Kwenye skrini ikawaka, mwenyewe nikajisifu. Kwenda kuchapa, ikarudi kijani kimepauka kama jani la mgomba la juzi. Alinitazama kama mwizi.

Sababu ni hii. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu, na zote zikiwaka kwa pamoja unaona nyeupe. Mashine ya kuchapa haina mwanga, ina wino: sayani, majenta, njano na nyeusi. Kila ukiongeza wino, karatasi inazidi kuwa na giza. Kwa hiyo kuna rangi kali ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi kabisa, hata ubadilishe mashine. Dawa yake ni kupanga rangi za wino tangu mwanzo, halafu kuchapa nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa mzigo wote. Mimi sikufanya hivyo, na mzigo wa pili nililipa kwa pesa yangu.

Vijana wa timu nao walinitumia nembo yao kwa WhatsApp, ndogo, imeshapita kwenye simu kumi. Picha kama ile ni vidoto vidogo vidogo, pikseli. Ukiivuta ienee mgongo wa jezi, vidoto vinaonekana kama vigae. Mchoro wa vekta wenyewe unahifadhi hesabu za mistari badala ya vidoto, hivyo unaweza kuuchapa kwenye kitufe cha shati au kuupaka ukuta mzima wa Kaitaba na usiharibike. Ilibidi nichore nembo yote upya. Nilitumia Inkscape, programu ya bure iliyoanza 2003, na ipo hata ya kubeba kwenye flash, unaifungua hapo hapo cafe. Anayekwambia bila Photoshop ya kuiba huwezi kuanza, mpuuze.

Sasa tuje kwenye mshiko. Yule mama wa senene alipoulizia bei nikamtajia, akacheka: "Mwanangu, si kitu cha dakika tano tu hicho?"

Kulikuwa na dada mmoja Marekani, Carolyn Davidson, mwanafunzi wa grafiki pale Portland State University. Phil Knight, aliyekuwa akifundisha uhasibu chuoni hapo, alimpa vikazi kwa dola 2 kwa saa, kuanzia michoro ya takwimu za kuonyesha wageni wa Kijapani. Mwaka 1971 akamwomba nembo ya viatu. Dada akaandika bili ya dola 35. Ndiyo ile alama ya Nike. Mwaka 1983 kampuni ilimpa pete na hisa zake, na hiyo ilikuwa hiari yao tu.

Kwetu kuna habari ya mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu Ngosha. Alisema ndiye aliyechora nembo ya taifa letu. Wengine walitajwa pia kwa kazi hiyo hiyo, na ubishi haukuisha mpaka anafariki Mei 2017, baada ya kukutwa akiishi kwa dhiki Buguruni, Dar. Mimi siamui nani mkweli. Ninachoona ni kwamba nembo iko kwenye kila barua ya serikali, na sisi tunabishana nani aliichora.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu umalize kazi, hata bila kusajili. Ila lazima uthibitishe ni yako. Ndiyo maana siku hizi sitoi faili la mwisho bila karatasi yenye tarehe, bei na sahihi mbili, na michoro ya penseli siichomi. Mama wa senene alisaini huku anacheka. Akalipa nusu.

Kazi iliyobaki ni ngumu kuliko zote: kikundi cha akina mama wanataka kanga yao. Kanga ina pindo, ina mji katikati, ina jina chini, na jina likiwa baya hakuna atakayeangalia pindo. Nimeshachora pindo la vishada vya kahawa na mji wa ngoma. Jina sina. Wanataka lihusu kusaidiana, na lisizidi maneno sita. Mwenye nalo alitoe, nitamtaja kwenye karatasi.