Ngome ya Ikoma: Boma la Wajerumani Mpakani mwa Serengeti

Katika nchi ya Waikoma, karibu na lango la kaskazini-magharibi la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, yako magofu ya mawe ya ngome iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ambapo eneo lililo kati ya Ziwa Victoria na mbuga za Wamaasai lilihesabiwa kuwa pembe ya mbali ya koloni lao. Haikuwa makao makuu ya wilaya, kwa kuwa Ikoma ilitawaliwa kutoka Mwanza. Ilikuwa kituo cha kijeshi cha mpakani, na kazi hiyo ndiyo iliyoifanya ijengwe na ndiyo iliyoifanya iachwe.

Wenyeji waliviita vituo vya namna hii maboma. Kwa asili boma ni ua wa miiba au magogo unaozungushiwa mifugo usiku. Neno likahamia kwenye kituo chenye ukuta na bunduki, kisha kwenye ofisi ya serikali, hata leo mtu wa Bunda au Musoma akisema anakwenda bomani, hana fikira yoyote ya vita.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilichora juu ya ramani mstari wa kugawana nchi hizi, nao ukalifikia ziwa kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, bila kuwauliza Wakurya, Wajaluo wala Wamaasai ambao ardhi zao ulizikata. Miaka michache baadaye sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, iliangamiza mifugo, ikafuatiwa na njaa na ndui. Oscar Baumann, aliyepita Serengeti mwaka 1892, aliwakuta Wamaasai wakifa kwa njaa. Watawala wapya waliingia kwa watu waliokwisha kudhoofika, na jambo hilo lisisahauliwe kila inaposemwa kwamba ngome ilileta amani.

Waliobeba bunduki zake kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika. Kampuni moja ya jeshi la koloni, ambalo kufikia mwaka 1914 lilikuwa na kampuni 14, ilikuwa na maofisa wachache wa Kijerumani na askari wapatao 160, nao ndio waliolinda mpaka na kuwatisha waliokataa kodi ya nyumba, ambayo amri yake ilitolewa mwaka 1897.

Siku kubwa ya Ikoma ilikuja wakati ngome ilikuwa imekwisha kupoteza kazi yake, kwani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Mwanza ilianguka mikononi mwa Waingereza Julai 1916. Mwanzoni mwa mwaka 1917 Kapteni Max Wintgens alijitenga na jeshi kuu la Wajerumani kusini, akaelekea kaskazini na kikosi chake; alipougua na kujisalimisha, uongozi ukashikwa na Heinrich Naumann, ambaye mnamo Juni aliifikia Ikoma na kupambana huko na jeshi la Wabelgiji. Waliopigana pale, upande huu na upande ule, wengi wao walikuwa Waafrika, wakiwemo askari kutoka Kongo, katika ugomvi ambao haukuwa wao. Naumann alijisalimisha mapema Oktoba mwaka huo.

Chini ya Waingereza nchi zote mbili zilizokuwa zikitenganishwa na mpaka zikawa mikononi mwa mtawala mmoja, na Ikoma ikaendeshwa kutoka Musoma, mji wenye bandari. Boma la porini halikuhitajika tena. Baada ya uhuru magofu yaliwahi kutengenezwa yakawa hoteli ya watalii, kazi ambayo nayo haikudumu.

Wazee wa Robanda na vijiji jirani wamepokea kwa baba zao habari za boma hilo: nani alibeba mawe, nani alikimbia, nani alivaa sare. Walimu na wanafunzi wa historia wa mkoa wa Mara wanapaswa kwenda kuziandika sasa, wazee hao wangali hai.