Bata bukini na nguchiro: funzo kwa wakaazi wa visiwani

Bahari ni ngome ya kisiwa, na mlango wa ngome hiyo ni bandari. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za ndege mmoja wa visiwa vya Hawaii, katika Bahari ya Pasifiki, aliyekaribia kutoweka duniani kwa sababu ya mnyama aliyeshushwa bandarini kwa nia njema.

Ndege huyo ni bata bukini mwitu. Wenyeji humwita nene, kwa kufuata sauti yake ya upole. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, ambako jamaa zake hadi leo huhama kwa makundi kukimbia baridi. Yeye aliacha safari hizo zama nyingi zilizopita, akawa mwenyeji. Kwa kuwa makao yake ni miamba ya volkano, utando wa vidole vyake ulipungua na miguu yake ikawa imara kwa kutembea. Chakula chake ni majani, mbegu na matunda ya vichaka.

Mwenendo wake ni wa kusifiwa. Dume na jike wakishaoana hawaachani. Jike hutaga chini ya kichaka, kwa kawaida mayai matatu hadi matano, akayaatamia siku 30 hivi, na dume husimama karibu akilinda. Makinda hukaa zaidi ya wiki kumi bila ya kuweza kuruka. Katika muda huo huo wazazi nao hupukutisha manyoya ya mbawa, ikawa familia nzima haina ila kutembea kwa miguu. Katika visiwa ambavyo havikuwa na mnyama wa kuwinda ardhini, desturi hiyo haikuwa na hatari kubwa.

Hatari ililetwa na binadamu. Mwaka 1883 wenye mashamba ya miwa waliagiza nguchiro kutoka Jamaica ili wawamalize panya. Hawakuzingatia kwamba panya hutoka usiku, na nguchiro huwinda mchana. Panya wakabaki, na nguchiro wakageukia mayai na makinda ya nene. Paka, mbwa na bunduki vikazidisha balaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, nene waliosalia porini walikadiriwa kuwa 30 tu.

Kazi ya kuwaokoa ilianza mwaka 1949 kwa kuwafuga huko huko Hawaii. Mwaka 1950 wawili walipelekwa Slimbridge, Uingereza, wakidhaniwa ni dume na jike. Wote wawili wakataga, ikabidi dume apelekwe upesi! Kuanzia mwaka 1960 walirejeshwa porini, na mwaka 2019 walikuwa wamepindukia 2,800. Yafaa tuzingatie kwamba wamestawi zaidi katika kisiwa cha Kauai, ambako nguchiro hawakupata kuenea. Lakini kazi hiyo imechukua miaka 70, na ndege huyo hadi leo hawezi kuachwa bila ya ulinzi.

Nasi tunao ushahidi wetu. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Taka zingalipo, na kunguru anakula mayai na vifaranga, vya kuku wetu na vya ndege wa asili.

Kwa hivyo, tunawaomba watendaji wa Serikali walioko bandarini na katika viwanja vya ndege wasimpe ruhusa mnyama yeyote mgeni kwa sababu tu mwenye kumleta ana nia njema. Kwanza waulizwe wataalamu: atakula nini kitakapokwisha kile alicholetewa? Nao wananchi, wakimwona mnyama wasiyemjua, wampe habari sheha bila ya kuchelewa. Mgeni wa namna hiyo akishazaana, kumwondoa ni kama kuzoa maji yaliyokwisha mwagika.