Anga la Delta (2): Kutoka Mafia hadi Songo Songo

Wiki iliyopita makala haya yalivuka kwa boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni. Leo yanapanda ndege.

Ng'ambo ya mikoko ya Ruaruke, wilayani Kibiti, baada ya mkondo wa bahari, kuna Mafia, na uwanja wake wa ndege uko pale pale mjini Kilindoni. Zamani ndege zilitua juu ya changarawe. Lami ilikuja kwa fedha za Marekani, kupitia mkataba wa shirika la misaada la nchi hiyo, MCC (Millennium Challenge Corporation), uliosainiwa 2008. Kusini mwa Mafia, wilayani Kilwa, kuna Songo Songo, kisiwa cha gesi, nacho kina kiwanja chake kidogo.

Umbali kati ya viwanja hivyo mtu anaweza kuupata kwa ramani na penseli. Maili moja ya baharini, mita 1,852, ni sawa na dakika moja ya latitudo (hizi ni dakika za ramani, kila nyuzi ina 60). Mafia iko karibu nyuzi 7 na dakika 55 kusini mwa ikweta, Songo Songo karibu nyuzi 8 na dakika 30. Basi ni maili 35 kwenda kusini. Ongeza maili kama 10 za kuelekea magharibi, tumia kanuni ya Pythagoras wanayokaririshwa wanafunzi wa sekondari, utapata maili 36 na ushei: kilomita 67 hivi.

Muda ndio wenye vituko. Kikokotoo kinachochukua mwendo wa ndege kubwa, kilomita 800 kwa saa, kitajibu dakika tano. Jibu la kuchekesha, maana ndege za visiwa hivi ni za aina ya Cessna Caravan: injini moja, abiria kumi na kitu, mzigo wa kilo 15 kwa kila mtu. Ikienda maili 160 za baharini kwa saa, safari hiyo inachukua karibu dakika 14.

Hapo upepo haujahesabiwa. Kusi ikivuma usoni kwa maili 20 kwa saa, dakika zinakaribia 16. Wakati wa kurudi, ikisukuma mgongoni, zinabaki 12. Tena rubani hapai na kukata anga papo hapo. Kuna kuwasha injini, kutembea hadi mwisho wa njia ya kurukia, kupanda, kisha kupunguza mwendo na kuzunguka kabla ya kutua. Katika safari fupi namna hii mambo hayo huongeza dakika kadhaa juu ya zile za kukata anga, hivyo dakika 20 hadi 25 ni makisio ya haki zaidi.

Anayekwenda Songo Songo kwa nchi kavu kutoka Ruaruke atapitia Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa lenye mita 970 lililofunguliwa 2003, hadi pwani ya Kilwa, kisha boti. Siku itakwisha. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara hiyo ilikatika maeneo ya Somanga, na kwa siku kadhaa magari ya kusini yalikwama.

Wiki ijayo: nauli, na kwa nini kiti cha dakika 20 kinagharimu zaidi kuliko basi la kutwa.

Itaendelea.