Gari la kifahari mnadani: bei ya nyundo si bei ya gari

Mfanyabiashara wa Bangwe mwenye fedha taslimu mwezi Julai ni mtu wa kutafutwa. Mwaka 2024, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mialo ya Katonga na Kibirizi ilipoa, lakini marejesho ya mikopo hayakusubiri ziwa lifunguliwe. Kipindi cha namna hiyo ndicho ambacho mali za wadaiwa hushuka thamani: injini za boti, pikipiki, viwanja, na mara moja moja gari ambalo mji mzima unalijua kwa mlio wake. Ni gari la chini, lina turbo na rimu pana, na mwenyewe alilinunua mambo yalipokuwa mazuri. Sasa limekaa yadi, tangazo limebandikwa, na bei ya kuanzia inamfanya mtu mwenye mtaji wa dagaa akune kichwa.

Swali la kwanza si hali ya injini. Ni nani anayeuza, na anauza kwa haki gani.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi hapati haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo muuzaji. Kwa hiyo aliyeshika ufunguo akiwa hana haki ya kuuza, anakuuzia ufunguo tu. Benki iliyomkopesha mtu kwa dhamana ya gari kwa kawaida inashikilia kadi, na mara nyingi jina lake limo humo, na mkataba unaeleza wazi lini inaweza kukamata na kuuza. Hapo mnunuzi ana pa kusimamia. Lakini mjini kuna wakopeshaji wa aina nyingi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji asiyepokea amana anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Wa "kausha damu" aliyechukua gari usiku kwa karatasi ya kuandikiana haonyeshi leseni wala mkataba unaosomeka. Ukinunua kwake, siku mwenye gari akienda mahakamani wewe ndiye utakayeitwa, kwa sababu gari liko kwako.

Mnada wa amri ya mahakama una nafuu kidogo. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, kasoro ya utaratibu katika mnada wa mali inayohamishika peke yake haibatilishi mauzo. Aliyeumizwa hudai fidia kwa aliyemuumiza. Hata hivyo, mtu wa tatu anaweza kuweka pingamizi kwamba gari ni lake na si la mdaiwa. Mke, ndugu au mbia akijitokeza kabla ya mnada, shughuli husimama. Omba namba ya shauri, nenda masjala, uliza kama pingamizi lipo. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kama mdaiwa alikuwa kampuni, pita BRELA. Dhamana iliyowekwa na kampuni inatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 42, na huko ndiko utakakoona kama gari lile lile limewekwa rehani kwa wakopeshaji wawili. Wenye umri wanaikumbuka LART, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1991 kufuatilia madeni mabaya ya mabenki ya umma. Kilikuwa na baraza lake la kusikiliza mashauri, na bado kukamata na kuuza mali haikuwa kazi ya siku moja. Mkopeshaji wa mtaani anayekwambia "lipa leo, karatasi kesho" ajiulize kama ana nguvu kuliko LART.

Kwa Kigoma kuna hatari nyingine ambayo mtu wa Arusha au Mwanza haikumbani nayo mara nyingi. Mkoa huu umepokea wakimbizi kwa miongo mingi, na mashirika yaliyokuja nao yameingiza magari yenye msamaha wa kodi, mengi yakiwa na namba za DFP. Mpakani nako hupita magari ya Burundi na Kongo yaliyoruhusiwa kuingia kwa muda tu. Gari la msamaha likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Likipita mikono miwili mitatu bila kulipiwa, likawekwa dhamana, kisha likaja mnadani limepakwa rangi mpya, deni hilo bado linalifuata.

Tuchukue mfano ili ukubwa wake uonekane. Gari la injini ya zaidi ya cc 2,000 likithaminiwa na forodha kwa sh. milioni 40, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 10. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unapigwa juu ya milioni 50, yaani milioni 5. VAT ya asilimia 18 juu ya milioni 55 ni milioni 9.9. Jumla sh. milioni 24.9, kabla ya tozo nyingine na kabla ya nyongeza ya uchakavu kama gari ni la zamani. Uliyedhani umeokota kwa milioni 22 unadaiwa zaidi ya ulichotoa. Kwa hiyo namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye tangazo, kisha ilinganishwe na kumbukumbu za TRA kabla ya siku ya mnada.

Namba ya chesisi ina kazi nyingine pia. Mwaka 2015 polisi wa Uingereza walifuatilia gari aina ya Lexus RX450h lililoibwa huko kwa kifaa kilichofichwa ndani yake. Lilisafirishwa kwa meli, likapitia Mombasa na kuishia Kampala, ambako magari mengine ya kifahari ya wizi yalikutwa. Kutoka Kampala hadi Kigoma si mbali kwa mtu anayetafuta mahali pasipoulizwa maswali. Benki inaweza kukopesha kwa dhamana ya gari la wizi bila kujua; ikiligundua, mwenye hasara ni aliye nalo.

Sasa tuje kwenye chuma. Mtu anayeshindwa kulipa mkopo huanza kuacha kubadilisha oili miezi mingi kabla dalali hajafika, na injini ya turbo haisamehe hilo. Kisha gari linakaa yadi, juani na mvuani, betri inakufa, panya wanakula nyaya. Wengine huondoa vitu kabla ya kukamatwa: rimu za asili, redio, hata turbo yenyewe, na kufunga kilichopatikana. Ufunguo mara nyingi ni mmoja au hakuna, na kwa gari la namna hii ufunguo si wa kuchongesha sokoni Ujiji. Unahitaji fundi mwenye kompyuta, ambaye pengine atatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mnadani gari huuzwa "kama lilivyo, mahali lilipo". Maneno hayo manne yanamaanisha kwamba likizimika getini ni lako.

Dalali akikukatalia kuliwasha na kuingia chini yake na fundi wako, rudi nyumbani. Angalia pia faini za barabarani kwa namba ya gari, kwa maana zinakaa kwenye namba hiyo hata mmiliki akibadilika.

Hata kama karatasi ni safi na injini inaimba, bado kuna hesabu ambayo wengi huiruka. Chukua mfanyabiashara wa dagaa mwenye mtaji wa sh. milioni 30. Ananunua gari kwa milioni 22 kwa sababu ameambiwa Dar linauzwa milioni 38. Ufunguo, matairi, sevisi na spea, tuseme milioni 5. Bima kubwa na gharama za kuhamisha jina, tuseme milioni 1. Milioni 28 zimekaa, na mbili zimebaki mfukoni. Agosti ziwa linafunguliwa, giza linaingia, mitumbwi inatoka na taa, na yeye anawatazama wenzake wakinunua. Kama kila giza lingempa faida ya asilimia 6, amekosa sh. milioni 1.68. Magiza matano, milioni 8.4. Maana yake gari lile liuzwe milioni 36.4 ili arudi pale alipoanzia, na mnunuzi wa Dar akisikia ni gari la mnada lililotoka Kigoma hataji 38.

Kuliuza hapa hapa? Sababu iliyofanya liende rahisi ndiyo itakayomzuia kuliuza: wanunuzi wa gari la aina hiyo kuanzia Gungu hadi Ujiji wanahesabika kwa vidole, na wote walikuwepo mnadani. Na waangalie vizuri waliokuwa wakishindana naye. Sheria ile ile ya Sura ya 214 hairuhusu muuzaji kupandisha bei kupitia watu wake bila kutangaza kwamba ana haki hiyo, lakini si kila sauti ya nyuma ya umati ina fedha mfukoni.

Wapo wanaofaidika. Ni wale wenye mteja aliyekwisha kuweka malipo ya awali, wenye fundi wao wenyewe, na wanaotumia fedha ambayo haina kazi nyingine kwa miezi sita. Hao huja na kikomo kimeandikwa kwenye karatasi. Wanajua kwamba kabla nyundo haijagonga mtu anaweza kuondoa dau lake, na baada ya hapo mauzo yamekamilika. Hulipa kwenye akaunti ya mkopeshaji au ya mahakama, kamwe si mkononi mwa dalali, na hawaondoki yadi bila stakabadhi, hati ya mauzo na barua ya kuondoa jina la mkopeshaji kwenye kadi. Barua hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi, na bila hiyo TRA haihamishi jina, hata uwe na stakabadhi kumi.