Je, Wajua Kuku Aliyelalia Anafanya Kazi Gani?

Kuku anayeatamia hunyanyuka kiotani mara moja tu kwa siku, kwa dakika 20 hivi. Ndani ya muda huo anakula, anakunywa, anaoga vumbi na kutoa mavi ya siku nzima kwa mkupuo, bonge zito lenye harufu isiyosahaulika. Kisha anarudi mbio, anajipenyeza juu ya mayai, anayasogeza moja moja kwa mdomo na kutulia. Saa 23 na ushei zinazobaki hana kazi, au ndivyo anavyodhani mpita njia.

Katika kata ya Bonga, kusini mwa mji wa Babati kwenye barabara iendayo Kondoa, utamkuta kuku wa namna hii kwenye kona ya jiko, nyuma ya magunia ya mbaazi, au ndani ya karai bovu lililowekewa nyasi. Mahindi na mbaazi ndiyo mazao ya huku, na kuku ndiye mwokotaji wa kila kinachodondoka. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai si ya kutania. Baridi hiyo ina nafasi yake katika habari hii.

Chanzo cha yote ni homoni iitwayo prolaktini, inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Ni hiyo hiyo inayomletea mama mzazi maziwa. Mtetea akishaona na kugusa mayai yaliyorundikana kiotani, prolaktini hupanda, ovari husinyaa na utagaji hukoma. Hamu ya kula hupungua. Manyoya ya tumboni hupukutika na kuacha upara wa ngozi yenye joto, iliyojaa mishipa ya damu, na ngozi hiyo ndiyo inayogusana na yai. Ukipeleka mkono anavimba, ananguruma, anadonoa. Siku 21 zikiisha amekonda waziwazi, na kishungi chake kimepauka.

Sasa lipo swali ambalo watoto huuliza na wakubwa hulikwepa. Kuku ametaga mayai 12 kwa muda wa wiki mbili au zaidi, moja leo, jingine keshokutwa. Iweje vifaranga waanguliwe karibu wote kwa siku moja?

Yai lenye mbegu hukaa ndani ya mwili wa kuku takriban saa 24, kwenye joto la nyuzi 41 hivi, kwa hiyo linapotagwa kiini cha uhai kimeshagawanyika kuwa maelfu ya chembe. Likifika nje linapoa. Joto likishuka chini ya nyuzi 20 au 21, ukuaji unasimama bila kiinitete kufa. Kinasubiri. Yai la kwanza linalingoja la kumi na mbili, na saa ya kuanza kuhesabu siku 21 ni pale mama anapolala moja kwa moja. Subira hiyo ina kikomo: wiki moja ni salama, baada ya siku 10 uwezekano wa kuanguliwa unaanza kupungua, na yai la wiki tatu ni la kubahatisha.

Hapo ndipo baridi ya Babati inapokuwa rafiki. Chumba cha ndani chenye sakafu ya udongo kinatosha kutunza mayai ya kutotolesha, yakiwekwa kwenye pumba, ncha iliyochongoka ikitazama chini. Mfugaji wa Tanga au Pemba, ambaye chumba chake kina nyuzi 30, hana bahati hiyo: kiinitete huanza kukua kivivu, hakipati joto la kutosha, kinakufa kabla mama hajalala. Mayai hayo yasioshwe. Yanapotagwa hufunikwa na utando mwembamba unaozuia vijidudu kupenya, na maji huuondoa. Yaliyochafuka sana yaende kwenye kikaango.

Jambo jingine linalowashangaza wengi: jogoo akiuzwa leo, mayai ya wiki ijayo bado yana mbegu. Mtetea ana vijifuko ndani ya njia yake ya uzazi ambamo huhifadhi mbegu za kiume, na anaweza kuzitumia kwa wiki mbili hivi. Kwa hiyo anayebadilisha jogoo ili kuboresha ukoo asikimbilie kulaza mayai siku hiyo hiyo. Huenda baba wa vifaranga ni yule aliyekwishaliwa.

Turudi kiotani. Joto linalotakiwa ni nyuzi 37.5 hivi, na mtetea analipata bila kipima joto. Ngozi ya upara inahisi yai likiwa la baridi naye hujikandamiza. Likizidi moto anajiinua kidogo. Yale ya pembeni huyavuta katikati, ya katikati huyasukuma pembeni. Kugeuza huko, mara nyingi kwa siku, kunazuia kiinitete kisigande kwenye utando wa ndani ya ganda. Wakati huo ganda lenyewe linapumua. Lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Hewa safi inaingia, hewa chafu na mvuke vinatoka. Yai la kienyeji la gramu 42 hupoteza gramu 5 hivi za maji kabla ya kuanguliwa, na nafasi inayoachwa inakuwa chumba cha hewa upande wa butu. Kabla siku ya pili haijaisha moyo umeshaanza kupiga.

Siku ya 7 usiku, chukua tochi ya simu, ziba pembeni kwa vidole na uweke yai juu yake gizani. Lenye uhai linaonyesha doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika. Lisilo na mbegu linang'aa tupu. Litoe, halina kazi pale zaidi ya kuwanyang'anya wenzake joto.

Siku ya 20 kifaranga anatoboa utando wa ndani na kuvuta pumzi ya kwanza kutoka kwenye kile chumba cha hewa. Sasa ana sauti. Ukisogeza sikio utasikia mlio mwembamba ndani ya ganda lililo zima, na mama anaujibu kwa mlio mzito wa chinichini. Juu ya mdomo wa kifaranga kuna kinundu kigumu cheupe, jino la yai, litakalodondoka siku chache baadaye. Kwa hilo anagonga mpaka ganda linapasuka. Halafu anaacha. Saa zinapita, pengine 12, pengine zaidi, na mwenye kuku anaanza kuhangaika. Wengi hapo humwonea huruma wakaanza kumbandua ganda, na damu inatoka. Kifaranga hakuwa amekwama. Alikuwa akimalizia kuvuta damu kutoka kwenye mishipa ya utando na kuingiza tumboni kilichobaki cha kiini cha njano. Akiwa tayari anazunguka ndani ya ganda, anakata mviringo, anasukuma kifuniko kwa miguu na kutoka akiwa ameloa chapachapa.

Kiini kile alichokiingiza tumboni kinamtosha siku 2 hadi 3 bila kula. Ndiyo maana mama anaweza kuendelea kulala akiwasubiri waliochelewa, na ndiyo maana vifaranga wa siku moja husafirishwa kwenye maboksi, kwa basi au hata kwa ndege, na kufika wakiwa hai.

Watu walijaribu kumwiga kuku tangu zamani. Wamisri walijenga matanuri ya udongo ya kutotolesha maelfu ya mayai kwa pamoja, na mafundi wao walipima joto kwa kugusisha yai kwenye kope la jicho. Karne ya 20 ikaja na mashine za umeme, na baada yake wazalishaji wakaona prolaktini ni hasara: kuku anayelala hatagi. Wakachagua kizazi baada ya kizazi wale wasio na hamu ya kuatamia, mpaka kuku wa mayai wa kisasa, mwenye damu ya Leghorn na jamaa zake, akafikia mayai 300 kwa mwaka asijue kiota ni cha nini. Kuku wetu wa kienyeji hutaga kati ya 40 na 60. Katikati ya miaka ya 2010 mradi wa kuboresha kuku uitwao ACGG, ulioongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, huku taasisi ya utafiti wa mifugo ya Tanzania, TALIRI, ikiusimamia hapa nchini, ulijaribu kuku aina ya Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa katika vijiji vya Tanzania. Wanakua haraka na wanataga vizuri kuliko wa kienyeji. Ila ukitaka vifaranga wengine itabidi ununue tena, kwa sababu kulala si kazi yao.

Kununua nako kuna mikasa yake. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliokuwa wameingizwa kutoka Kenya walichomwa moto Namanga, kwa kuwa uingizaji ulikuwa umepigwa marufuku kwa hofu ya magonjwa. Ubishi wake ulikuwa mkubwa pande zote mbili za mpaka. Mtetea wa Bonga hahitaji umeme, kibali wala nauli. Sisemi mashine ni mbaya; mwenye mitetea 50 na umeme usiokatika aitumie. Mwenye mitetea watano anayo mashine tayari, na tatizo lake ni kuiendesha bila mpangilio.

Angalia hesabu. Mtetea aliyeachwa ajiamulie hutaga wiki 2 au 3, hulala 3, hulea miezi miwili na nusu hadi mitatu, ndipo anarudi kutaga. Ni mizunguko mitatu kwa mwaka, basi. Kati ya vifaranga anaowatoa, mara nyingi nusu au zaidi hawafikishi miezi miwili. Anakopoteza muda ni kwenye malezi, na anakopoteza mali ni huko huko.

Mbinu ambayo maafisa ugani wamekuwa wakiifundisha nchini ni kuwalaza kwa pamoja. Mtetea wa kwanza akianza kung'ang'ania kiota, mayai yake yanaondolewa na kutunzwa, anawekewa moja au mawili ya kumzuga. Anaendelea kulala. Wa pili akianza, hivyo hivyo. Wakifika watatu, usiku mmoja wote wanapewa mayai halisi, 10 hadi 12 kila mmoja, au 9 kama ni Julai na mama ni mdogo. Asisubirishwe zaidi ya wiki mbili maana anakonda bure. Kila yai lichorwe alama kwa penseli au mkaa, kwani wenzake hupenda kumtagia juu yake, na yai lisilo na alama litolewe kila jioni. La sivyo atatoka na vifaranga wa kwanza na kuyaacha mayai yaliyobakiza siku tano. Majivu na majani makavu ya tumbaku chini ya nyasi hupunguza utitiri, ambao humfanya hata mtetea mvumilivu ahame.

Wakianguliwa, vifaranga wa watatu hukabidhiwa kwa mmoja, gizani, wakipenyezwa chini ya mbawa. Idadi haimsumbui mama, lakini asubuhi anaweza kumkataa mgeni mwenye rangi tofauti. Hata hivyo mbawa zake zina mwisho: baridi ya Bonga ikiwa kali, 20 hadi 25 wanamtosha, waliozidi wapelekwe kwenye bruda (banda dogo la kulelea vifaranga) yenye jiko la mkaa au taa, mradi moshi upate pa kutokea. Wale mitetea wengine wawili hurudi kwa jogoo na kuanza kutaga mapema. Hata mlezi, vifaranga wakitengwa naye wakiwa na wiki 4, anapata mzunguko wa nne kwa mwaka.

Na yule unayetaka aache kulala? Ethiopia wapo wanaomning'iniza kichwa chini au kumhamishia kwa jirani. Kwetu wapo wanaomtumbukiza kwenye maji, jambo ambalo kwa Babati ya Julai ni ukatili tu. Njia nzuri ni kumweka kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, kilichoinuliwa kutoka chini, chenye maji na chakula, siku 3 hadi 5. Upepo unaupoza ule upara wa tumboni, prolaktini inashuka, hamu inakwisha.

Mwezi wa kwanza vifaranga wakae ndani au chini ya tenga. Mwewe wa Bonga hana haraka, na wapo pia nguchiro na kicheche. Chenga za mahindi peke yake hazijengi mwili. Mchwa, dagaa na mashudu ya alizeti ndivyo vinavyoleta tofauti.

Lakini vyote hivyo ni kazi bure ukiingia ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huo unaweza kufagia banda zima kwa wiki moja. Chanjo ipo: I-2, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, na inazalishwa hapa hapa Tanzania. Ni tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi 3 hadi 4.

Kama una mitetea watatu wanaotaga sasa hivi, usiwahi kumlaza wa kwanza. Mpe yai la kumzuga, hifadhi mengine ndani, na ukiwa unawasubiri wenzake pita kwa afisa mifugo wa kata umuulize siku ya chanjo.