TAIRI HALICHAGULIWI KWA MACHO

Watu wa pwani twajua kwamba chombo kikongwe hakitupwi. Jahazi likishakwenda miaka thelathini hupwelezwa, likatiwa kalafati upya, likapakwa deheni, kisha likangojea musimu wake kama lililotoka jana kwa maseremala. Lakini nahodha mwenye akili hatazami rangi ya ubavu wala urembo wa bendera. Yeye hupiga magoti mchangani akachungulia mbao za chini, mahali asipopaona abiria, kwani bahari huingilia hapo.

Kwa pikipiki kongwe ya safari, mbao za chini ndizo tairi. Watu huisifu injini, wakalisugua tangi hata likameremeta, wakasahau kuwa vyote hivyo, pamoja na roho mbili zilizokaa juu, vimeegemea vipande viwili vya mpira ambavyo, pale vinapogusa barabara, havizidi sana kiganja cha mkono. Nimeulizwa na vijana wengi, na wazee wenzangu pia, vipi mtu huchagua tairi mpya za pikipiki ambayo kiwanda kiliacha kuiunda zamani. Leo nitajibu kwa mfano wa ile niliyo nayo.

Ni BMW R80RT ya mwaka 1983, yenye silinda mbili zilizotokeza kushoto na kulia kama matengo ya ngalawa. Tangi likijaa, uzito wake wapita kilo 230. Iliundwa kwa kazi moja: kumchukua mtu, mwenzake na mizigo yao mwendo mrefu bila ya kuwachosha. Mwaka huu tairi zake zilifika ukingoni, nami nikaanza kuzunguka madukani Mombasa.

NAMBARI ZA UBAVUNI

Jambo la kwanza ni kusoma. Ubavuni mwa tairi ya mbele pameandikwa 3.25-19, na ya nyuma 4.00-18. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, na ya pili ni kipenyo cha rimu. Siku hizi viwanda vingi huandika kwa milimita, hivyo 4.00-18 utaikuta ikikaribiana na 110/90-18: upana milimita 110, na kimo cha ubavu asilimia 90 ya upana huo.

Usinunue kwa jina la pikipiki. R80RT iliyotoka kabla ya mwisho wa mwaka 1984 ina springi mbili nyuma, na tairi zake ni hizo nilizozitaja. Iliyofuata, yenye mkono mmoja nyuma, ina magurudumu mawili ya inchi 18, na tairi zake ni 90/90-18 mbele na 120/90-18 nyuma. Jina ni lile lile, lakini tairi za moja hazifai kwa nyingine. Anayeagiza kwa jina tu hurudishiwa mzigo asioweza kuufunga.

Wako na wale wapendao tairi pana kwa kuwa yapendeza machoni. Rimu za zamani ni nyembamba. Ukiivisha tairi pana, mabega yake hubanwa ndani, mgongo ukachongoka, na pikipiki haikati kona kama ilivyoundwa. Isitoshe, kwenye hizi zenye springi mbili nafasi baina ya tairi na uma wa nyuma ni finyu sana, na tairi iliyozidi husugua chuma. Tena tairi ya redio, ambayo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, isichanganywe na ile ya zamani ambayo nyuzi zake hupishana mshazari. Pikipiki hii ilizaliwa na za mshazari. Redio ziko zilizotengenezwa makusudi kwa pikipiki kongwe, lakini hizo huvaliwa mbele na nyuma pamoja, tena kama mtengenezaji mwenyewe ameziruhusu.

MZIGO NA MWENDO

Baada ya ukubwa hufuata tarakimu mbili na herufi. Zangu ni 54H mbele na 64H nyuma. Tarakimu ni uzito: 54 maana yake tairi yaweza kubeba kilo 212, na 64 ni kilo 280. Herufi ni mwendo: H ni kilomita 210 kwa saa, S ni 180. Simshauri mtu yeyote kukimbia hivyo. Lakini tairi iliyojengwa kwa mwendo mkubwa imejengwa pia kustahimili joto, na joto ndilo linaloua tairi katika safari ndefu yenye mzigo.

Maduka yetu yamejaa tairi za bodaboda, 2.75-17 na 3.00-17, nazo hazinifai. Katika duka moja kijana aliniletea 3.00-18, akaniambia, "Maalim, hii yaingia rimu ya nyuma bila taabu." Kusema kweli ingeingia. Nikamwonyesha ubavuni: 47, yaani kilo 175. Pikipiki yangu ikiwa na watu wawili na masanduku, yaruhusiwa kufika kilo 440, na sehemu kubwa ya uzito huo hukaa nyuma. Kuingia ni jambo moja na kubeba ni jambo jingine.

UMRI WA TAIRI

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Katika duka jingine nilipata tairi ya nyuma ya 4.00-18. Mpwa wangu niliyekuwa naye akafurahi. "Mjomba, hii mpya kabisa, tazama vinyweleo vyake!" Kweli vile vinyweleo vya mpira vilikuwa bado vimesimama, na meno yalikuwa makali. Nikaigeuza nikatafuta zile tarakimu nne zilizofungiwa katika kiduara mwishoni mwa maandishi ya DOT. Zilisema 2310. Maana yake, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2010. Ilikuwa haijagusa barabara hata siku moja, lakini ilikwishazeeka ghalani.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Mwaka 1998 tulimzika mwenzetu aliyekuwa akirudi kutoka Malindi, amempakia mkewe. Tairi yake ya nyuma ilikuwa na meno kamili, na kila aliyeitazama angeapa ni nzima. Ilipasuka ubavuni, kabla hawajafika Kilifi. Yeye alifia pale pale, na mkewe hata leo hutembea kwa mkongojo. Fundi aliyeikata tairi ile baadaye aliukunja mpira nao ukavunjika kama kaukau. Wakati huo umri ulikuwa ukiandikwa kwa tarakimu tatu, wiki na mwaka, na mwaka wenyewe kwa tarakimu moja tu. Ile ilisema 146: wiki ya 14, mwaka wa sita. Sita wa muongo gani? Ilikuwa 1986. Tangu mwaka 2000 tarakimu ni nne, na hakuna tena udhuru wa kutojua.

Mpira hukauka kwa nini? Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua mwaka 1839 kwamba utomvu wa mpira ukipikwa na kiberiti hupata nguvu na mnepo. Robert William Thomson akapata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845, na John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama huko Belfast, akaligundua tena mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tairi za mwanzo hazikuwa nyeusi. Weusi ulikuja baadaye, mpira ulipochanganywa na masizi, yale yale yaliyotiwa katika wino wa chuoni. Nayo masizi huutia mpira nguvu na kuukinga na jua. Lakini kinga hiyo ina mwisho. Jua na hewa huula mpira taratibu hata ukiwa umetundikwa, mafuta yake hutoka, na nyufa nyembamba huanza kuonekana ubavuni na chini ya meno. Viwanda vikubwa vinashauri tairi ikaguliwe kila mwaka ikishafika miaka mitano, na isitumiwe kabisa baada ya kumi, hata ikiwa yaonekana njema. Kwa jua letu, mimi singoji kumi.

KUCHAGUA KWA NJIA UIENDAYO

Tairi ya mpira mgumu huishi sana, ila barabara ikilowa hushika kidogo. Ya mpira laini hushika vyema lakini huisha upesi. Anayetaka yote mawili kwa ukamilifu atatafuta sana. Kwa hiyo jiulize njia yako ni ipi. Yangu ni lami ya kwenda Malindi na mara nyingine ya Nairobi, iliyosuguliwa na malori mpaka ikawa kama sahani, na iliyomwagikiwa mafuta. Mvua za kwanza za masika zikinyesha juu ya mafuta yale, utelezi wake ni kama wa dagaa mkononi. Kwa hiyo sikutaka meno makubwa ya kupandia matope, wala mpira mgumu mno. Nilitaka tairi ya lami yenye mifereji ya kutosha ya kutoa maji.

Mwisho nilichukua jozi ya Bridgestone BT46, aina iliyotoka mwaka 2020, kwa vipimo vile vile vya 3.25-19 na 4.00-18. Mwingine atachukua za Continental au Metzeler, na hatakosea maadamu vipimo ni sawa. La muhimu ni jozi: ya mbele na ya nyuma ziwe zimekusudiwa kwenda pamoja. Jamaa yangu aliyeko Dubai ndiye aliyezinunua, na kabla hajalipa nilimwambia, "Ami, nipigie picha tarakimu nne." Zilisema 0924. Nikamwambia alipe.

KUZIFUNGA

Tairi mpya ivishwe tyubu mpya, wala usirudishe ya zamani iliyonyooka na kutiwa viraka. Hata tairi iliyoandikwa TL, ambayo haihitaji tyubu, yapasa kutiwa tyubu ikiwa rimu haikuundwa kushika upepo peke yake, na rimu za pikipiki yangu ni za namna hiyo. Mshale wa ubavuni uelekee upande wa mwendo. Gurudumu lisawazishwe kwa vizito. Upepo upimwe asubuhi, tairi ikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Fundi wa kando ya barabara apimaye kwa kubonyeza kidole gumba asiaminiwe kwa safari ya kilomita 480. Kisha uende polepole siku za mwanzo, kwa kuwa ngozi ya tairi mpya huteleza hata isuguke kidogo.

Tairi hizi si rahisi, na kuzileta kutoka ng'ambo kwaongeza gharama. Nyumbani niliulizwa kama pesa hizo hazina kazi nyingine, na swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba anayepanda nyuma yangu hatapiga magoti kusoma tarakimu. Atashika bega langu na kuniambia twende. Huyo ni amana, na amana haibebwi juu ya mpira uliokwisha umri wake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatoka safari yako ijayo, iname uusome ubavu wa tairi. Mola atufikishe salama.