Chaneli mbili au nane? Hesabu ya kinasa sauti kwa kazi za Makanya na milima ya Upare

Saa moja ya mahojiano, maiki moja, kwa kiwango cha kawaida cha filamu na televisheni (sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 kwa kila sampuli), hula megabaiti 518. Kadi ya gigabaiti 32, inayoenea kwenye ukucha, inabeba zaidi ya saa 61 za sauti hiyo. Fundi sauti wa miaka ya 1960 aliyetembea na Nagra III, mashine ya Stefan Kudelski iliyotamba duniani kote kwa kazi za nje ya studio, alibeba kilo sita hivi, betri kubwa 12 ndani yake, na utepe wa inchi 5 ambao kwa kasi ya inchi 7.5 kwa sekunde uliisha baada ya dakika 16. Ili alingane na kadi moja ya leo, angehitaji tepu 231 hivi.

Nafasi ya kuhifadhi, basi, si kikwazo tena. Hata hivyo vijana wengi wanaoingia kwenye kazi hii bado huanza na swali la ukubwa: mashine ina chaneli ngapi? Kwa mtu anayefanya kazi Makanya, Bangalala au Vudee, swali hilo linamlia pesa nyingi pasipo sababu.

Tuanze na mahali penyewe. Makanya, wilayani Same, iko tambarare, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na malori hayalali. Reli ya Tanga–Moshi inapita hapohapo, na tangu Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar es Salaam–Moshi imerudi. Kuna machimbo ya jasi, kuna mkonge, na kuna upepo wa Same, ambao mtu yeyote aliyewahi kushuka basi hapo mchana anaujua. Ukiacha barabara na kupanda, dunia inabadilika. Bangalala wana ndiva, mabwawa ya asili ya Wapare ya kukusanya maji usiku na kuyafungulia mchana kwenye mifongo, yaani mifereji ya mashamba. Ndiva ya Manoo imeandikwa sana na watafiti wa maji. Juu zaidi ni msitu wa Chome na kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400, ukungu na ubaridi.

Kazi za sauti zinazopatikana huku zinajulikana. Mzee anaeleza zamu za maji kwa Chasu, lugha ya Wapare. Kwaya inataka kurekodi video. Waadventista wako Upare tangu mwaka 1903, na Walutheri nao wana kwaya zao. Madrasa inataka kaswida zake. Shirika linataka filamu fupi kuhusu kilimo. Sasa hesabu maiki. Mzee mmoja anahitaji maiki ndogo ya kifuani na nyingine ya fimbo juu ya kichwa: mbili. Kaswida au kwaya isiyo na vyombo inanaswa vizuri na jozi ya maiki mbili zilizowekwa mahali sahihi. Kwaya yenye kinanda, ngoma na mwimbaji kiongozi inataka nne mpaka sita. Tamthilia yenye waigizaji watano kila mmoja na maiki yake, pamoja na maiki za fimbo, ndiyo inayokaribia nane. Wilayani Same, kazi ya mwisho hiyo haiji kila mwezi.

Bei sasa. Nitatumia bei ambazo mashine hizi zilitoka nazo sokoni Marekani, na dola moja niiweke shilingi 2,600 ili hesabu isomeke. Zoom F3 ya chaneli mbili ilitoka kwa dola 350: shilingi 910,000. Zoom F6 ya maiki sita, dola 650: shilingi 1,690,000. Sound Devices MixPre-6 II, yenye matundu manne ya XLR ya kuchomekea maiki na vitufe vya kuchanganyia sauti, dola 905: shilingi 2,353,000. MixPre-10 II yenye matundu manane, dola 1,567: shilingi 4,074,200. Ukiagiza mwenyewe, VAT peke yake ni asilimia 18, kwa hiyo F3 inapanda mpaka 1,073,800 na F6 mpaka 1,994,200, na hapo hujagusa ushuru wa forodha wala usafirishaji.

Kutoka chaneli mbili kwenda nane ni shilingi milioni tatu na zaidi. Je, masikio ya msikilizaji yatasikia milioni hizo? Hili ndilo la kukaa nalo.

Chukua SM58 ya Shure, maiki ya mkononi iliyojaa makanisani na majukwaani. Sauti ya desibeli 94 ikiigonga, inatoa milivolti 1.85. Maiki ya fimbo kama Sennheiser MKE 600, inayolishwa umeme wa volti 48 kutoka kwenye mashine, inatoa milivolti 21 kwa sauti ileile. Mzee anayeongea taratibu, nusu mita kutoka kwenye maiki, hufikisha desibeli 65 hivi. Hapo SM58 inapeleka mikrovolti 66 tu, na MKE 600 inapeleka karibu 745.

Mikrovolti hizo zinaingia kwenye priampu, sehemu ya mashine inayokuza umeme wa maiki. Kila priampu ina mvumo wake, ule mchirizi wa “shhh” unaousikia kwenye hedifoni watu wote wakinyamaza. Kwenye Zoom F3 na F6 mvumo huo unatajwa kuwa −127 dBu, sawa na mikrovolti 0.35. Kwenye kinasa cha bei ya chini tuuweke −110 dBu: mikrovolti 2.45. Gawanya. SM58 kwenye priampu nzuri: sauti ya mzee ni mara 190 ya mvumo. SM58 kwenye priampu dhaifu: mara 27, na hapo mvumo unasikika wazi kila anapovuta pumzi. Lakini weka MKE 600 kwenye priampu hiyohiyo dhaifu, ujumlishe na mvumo wa maiki yenyewe: bado sauti ni zaidi ya mara 200. Maiki nzuri kwenye mashine ya kawaida imeishinda maiki ya jukwaani kwenye mashine nzuri.

Ndiyo maana naumia nikiona mtu amejinyima mwaka mzima akanunua mashine ya chaneli sita, kisha amechomeka maiki ya kuazima kanisani. Pesa ikiwa haba, itangulie kwenye maiki.

Kuna neno jingine linalouza mashine siku hizi: biti 32 floti. Uwezo wake ni wa kweli. Biti 24 zinabeba tofauti ya desibeli 144 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Biti 32 floti zinabeba desibeli 1,528, zaidi ya sauti yoyote inayoweza kutokea hapa duniani. Kwa vitendo maana yake ni kwamba mzee akinong’ona halafu akaangua kicheko, au ngoma ikapigwa ghafla, faili haliharibiki hata kama hukupanga kiwango cha kurekodia. F3 haina hata kitufe cha kupangia. Gharama yake kwenye kadi ni ndogo: megabaiti 691 kwa saa kwa chaneli badala ya 518. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, huku ameshika kamera na fimbo na kumsikiliza mzee kwa heshima inayostahili, huo ni msaada mkubwa mno.

Lakini floti haizuii upepo. Haisogezi maiki karibu. Ukiitoa maiki sentimita 25 kutoka mdomoni ukaipeleka mita moja, unapoteza desibeli 12 za sauti ya mzee, ilhali lori la barabarani limebaki palepale lilipokuwa. Na maiki yenyewe ikilemewa, faili litahifadhi kwa uaminifu sauti iliyokwisha kupasuka. MKE 600 inavumilia mpaka desibeli 132, kwa hiyo kwa kwaya usihofu. Ila maiki ndogo za kifuani karibu na ngoma zichunguze kwanza.

Upepo wa Makanya unastahili bajeti yake. Sponji inayokuja na maiki hupunguza desibeli 10 hivi. Koti la manyoya bandia hupunguza kama 25. Tofauti hiyo ya 15 ni kubwa kuliko chochote utakachonunua kwa kuhama kutoka mashine moja nzuri kwenda nyingine, na koti lenyewe halifiki bei ya simu ya kati. Milimani shida ni nyingine: ukungu wa Chome ukiingia kwenye maiki, inaanza kutoa milio kama chumvi motoni. Ifungie mfuko usiopitisha maji na uiache izoee hewa kabla ya kuiwasha.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Betri nne za AA za kuchaji, kila moja mAh 2,000, zinabeba wati-saa 9.6. Mashine ikila wati 5, zinakufa kabla ya saa mbili. Pawabenki ya mAh 20,000 inabeba wati-saa 74. Toa upotevu, zinabaki 63, na mashine ileile inakwenda saa 12. Pawabenki mbili zinatosha siku nzima Vudee bila kumwomba mtu soketi.

Sasa, mashine kubwa yenye vitufe vya kuchanganyia inahitajika lini? Inahitajika pale sauti inapokwenda moja kwa moja kwenye redio au kamera, na mtu wa kukaa mbele ya vitufe yupo. Inahitajika pia kwenye kazi ndefu zenye kamera kadhaa. Saa ya ndani ya vifaa vya kawaida ikikosea sehemu 50 kwa milioni, baada ya saa moja sauti na picha zimeachana kwa sekunde 0.18, karibu fremu nne na nusu, na midomo ya wanakwaya itaonekana haiendani na wimbo. F6 ina saa ya usahihi wa sehemu 0.2 kwa milioni, ambayo kwa saa nzima haifiki milisekunde moja. Kwa ibada ya saa tatu yenye kamera tatu, hapo naikubali bei yake bila ubishi.

Kwa kazi nyingine zote za huku, seti ninayoipendekeza ni hii: kinasa cha chaneli mbili dola 350, maiki ya fimbo 330, koti la upepo na kishikio 150, fimbo na waya 60, hedifoni za kufunika sikio 100, kadi na betri 100. Jumla dola 1,090, yaani shilingi 2,834,000 kabla ya kodi. Kinasa chenyewe ni chini ya theluthi ya pesa yote. Ukifanya kazi siku 50 kwa mwaka kwa miaka mitatu, kila siku ya kazi imebeba shilingi 18,900 hivi za vifaa. Seti ya dola 4,000, yenye mashine ya chaneli nane na maiki zisizo na waya, inabeba 69,300 kwa siku. Kabla ya kuinunua, jiulize kama wateja wako wa Same wanakulipa tofauti hiyo ya shilingi 50,000 kila unapotoka. Kama hawakulipi, ikodi siku ya tamthilia.

Halafu kuna gharama ambayo karibu kila mtu anaisahau. Saa 40 za wazee kwa chaneli mbili, biti 24, ni gigabaiti 41.5. Nakala tatu, mahali patatu tofauti, ni 124. Kupandisha nakala moja kwenye intaneti kwa megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya saa 18 mfululizo. Tunza WAV kwenye diski, na kwa kusambaza tengeneza MP3 ya kilobiti 128, ambayo ni nyepesi mara 18 na inapita kwenye simu ya yeyote.

Tenga bajeti ya diski hizo siku unayonunua kinasa. Na ukishuka kutoka Bangalala, nakala ya kwanza mwachie mzee uliyemrekodi na familia yake, kabla hujaituma kwa mtu mwingine yeyote.